Uhuru wa Dini na Haki za Binadamu Mezani kwa Mabalozi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapotoka ripoti ya Marekani kuhusu dini duniani, au balozi fulani anapoitwa wizarani kujieleza, maswali huwa ni yale yale. Haya ndiyo niliyoulizwa zaidi: kwenye magrupu ya WhatsApp, nje ya misikiti na makanisa, na mara moja ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Imani ya mtu ni baina yake na Mungu wake. Serikali ya nchi nyingine inaingiaje hapo?

Inaingia kwa mlango wa saini. Tarehe 10 Desemba 1948, mjini Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu kwa kura 48. Hakuna aliyepinga, nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Kifungu cha 18 kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, pamoja na uhuru wa kubadili dini yake. Hilo la kubadili ndilo lililozua mvutano. Saudia haikulitaka, ikawa miongoni mwa wale wanane. Pakistan, kwa kauli ya waziri wake wa mambo ya nje Muhammad Zafrulla Khan, ililitetea, tena kwa hoja za Qur'ani. Zafrulla alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo wafuasi wake hujihesabu Waislamu. Mwaka 1974 nchi yake mwenyewe ikaandika ndani ya katiba kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Ukitaka kujua kwa nini mjadala huu hauishi, anzia hapo.

Tamko lenyewe halikuwa na nguvu ya sheria. Nguvu ilikuja na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ulioanza kutumika 1976, na kwetu Afrika ukaja Mkataba wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwezi Juni 1981. Kifungu chake cha 8 kinalinda dhamiri na dini. Nchi ikishaweka saini, imewapa wenzake ruhusa ya kuuliza. Ni kama upatu: ukishaandikisha jina lako, usiudhike wanachama wakibisha hodi tarehe ikipita.

Hata hivyo, si kuingilia mambo ya ndani ya nchi?

Wanaosema hivyo wana karatasi mkononi. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, kifungu cha 41, unawakataza mabalozi kuingilia mambo ya ndani ya nchi wanakokaa. Hati ya Umoja wa Mataifa nayo ina maneno yanayofanana na hayo.

Lakini sisi wa Afrika Mashariki tunajua gharama ya kulishika neno hilo kwa mikono miwili. Mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkutano wake Kampala na kumpa Idi Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilisusa. Wengine walikwenda, kwa hoja kwamba yanayotokea Uganda ni ya Waganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa, na mwaka huohuo Amin akapiga marufuku madhehebu ya Kikristo zaidi ya 20. Umoja haukuwa na la kusema, kwa kuwa ulishajifunga mdomo wenyewe. Umoja wa Afrika ulioushika mkoba baadaye uliandika kifungu cha 4(h), kinachoruhusu kuingilia kati panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Siku hizi, mara nyingi anayelalamika kuingiliwa ni yule aliyeguswa kidonda. Kelele za "mambo ya ndani" huwa haba anapopewa msaada wa bajeti.

Kwa vitendo, balozi au afisa wake hufanya nini hasa?

Zaidi ya yote husikiliza na kuandika. Niliwahi kukalimani kikao cha namna hii katika mji mmoja wa pwani. Mgeni alikuwa afisa wa siasa wa ubalozi mmoja, kijana mwenye daftari dogo jeusi. Wenyeji walikuwa wazee watano wa msikiti. Kaimati zikaja, chai ya tangawizi ikaja. Kwa saa nzima afisa aliuliza na wazee wakajibu kwamba hali ni shwari, tunaishi vizuri na wenzetu, alhamdulillahi. Daftari halikujaa hata ukurasa. Kikao kikavunjika, tukatoka barazani kuvaa viatu, na hapo, mguu mmoja ndani ya kandambili, mzee mmoja akaniambia nimwambie mgeni kwamba mtoto wa dada yake ana mwaka wa pili rumande na kesi haijasikilizwa. Afisa alisimama palepale akaandika jina. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Yale ya mezani yalikuwa adabu tu.

Jina likishaandikwa linapanda ngazi. Kwanza linatajwa kwa mdomo wizara ya mambo ya nje, kwa upole, mwishoni mwa mazungumzo ya jambo jingine. Likipuuzwa, huandikwa kwenye noti rasmi. Kesi ikifika mahakamani, maafisa wa balozi kadhaa wanaweza kwenda kukaa benchi la nyuma. Hawasemi neno, ila hakimu anawaona. Baadaye hufuata tamko la hadharani, balozi kuitwa au kurudishwa kwao, kura kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa Geneva, na mwisho kabisa vikwazo vya viza na mali. Nyingi ya kesi hizi huishia ngazi ya kwanza au ya pili, ndiyo maana huzisikii.

Hiyo orodha ya Marekani ya "nchi zinazotia wasiwasi mkubwa" ni nini?

Ni zao la sheria ya uhuru wa dini kimataifa ambayo Rais Bill Clinton aliisaini Oktoba 1998. Sheria hiyo iliunda vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kipo kitengo ndani ya wizara ya mambo ya nje, kinachoongozwa na balozi maalumu, na ndicho kinachotoa ripoti ya kila mwaka inayopitia karibu kila nchi duniani, zetu zikiwemo. Halafu ipo tume huru ya makamishna 9 kutoka vyama vyote viwili, ambayo kazi yake ni kupendekeza na kulalamika. Tume ikisema nchi fulani iingizwe kwenye orodha, bado haijaingia. Mwenye kalamu ni serikali.

Nchi ikiingizwa, sheria inataja hatua 15, kuanzia nong'ono la faragha hadi vikwazo vya biashara, na kwa walio kwenye orodha hiyo serikali inatakiwa ichague zile kali. Au ifanye makubaliano ya maandishi na nchi husika. Au iandike kwamba maslahi ya Marekani hayaruhusu kuchukua hatua, na mambo yakaishia hapo. Mlango huo wa tatu umetumika sana.

Chini ya orodha hiyo iko nyingine ya nchi zinazoangaliwa kwa jicho la pembeni. Na majina hupanda na kushuka kwa upepo wa Washington: Nigeria iliwekwa kwenye orodha kuu 2020, ikatolewa 2021, ikarudishwa 2025. Ni vigumu kudai kwamba hali ya Wanigeria ilibadilika mara tatu kwa ratiba hiyo.

Mbona marafiki wa wakubwa hawaguswi?

Huguswa kwa glavu. Saudia imo kwenye orodha tangu 2004, na tangu 2006 inasamehewa hatua kwa sababu ya maslahi ya Marekani. Kila mwaka jina linasomwa, kila mwaka msamaha unasomwa. Nyani haoni kundule, na wakubwa wengi wanaohubiri uhuru wa dini wana ya kwao nyumbani: mizozo ya hijabu Ufaransa, minara ya misikiti iliyopigwa marufuku Uswisi kwa kura ya maoni ya 2009.

Ila tusiishie kuwacheka Wamarekani. Tarehe 6 Oktoba 2022, Baraza la Haki za Binadamu mjini Geneva lilipiga kura kama lijadili ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Waislamu wa Xinjiang, China, Wauighuri na wenzao, ambako watu wengi mno wamefungiwa makambini. Si kulaani, kujadili tu. Kura 17 zilisema ndiyo, 19 hapana, 11 zikajizuia. Miongoni mwa waliosema hapana walikuwemo Pakistan, Indonesia, Qatar, Senegal na Sudan. Nchi ya Kiafrika iliyosema ndiyo ilikuwa moja: Somalia. Nilipoyaona matokeo yale nilikumbuka hotuba nyingi za undugu wa Kiislamu nilizosikiliza maishani. Mikopo ya reli na bandari nayo ina imani yake.

Kuna mtu aliyewahi kuokolewa kweli, au ni maneno?

Wapo. Nitamtaja mmoja kwa kirefu kwa kuwa kisa chake kinaonyesha mashine yote ikifanya kazi.

Meriam Ibrahim alizaliwa Sudan. Baba yake Mwislamu aliondoka nyumbani angali mdogo, akalelewa na mama yake Mhabeshi, Mkristo wa Orthodoksi, akaolewa na Mkristo mwenye asili ya Sudan Kusini aliyekuwa na uraia wa Marekani. Mahakama ya Khartoum ilisema mtoto hufuata dini ya baba, kwa hiyo yeye ni Mwislamu aliyeritadi, na ndoa yake ni batili, kwa hiyo ni zinaa. Tarehe 15 Mei 2014 akahukumiwa viboko 100 na kunyongwa. Alikuwa mjamzito. Mtoto wake wa kike alizaliwa gerezani siku chache baadaye, mama akiwa na minyororo miguuni.

Kelele zikavuma dunia nzima, na chini ya kelele kukawa na kazi ya kimya. Mahakama ya rufaa ilimwachia tarehe 23 Juni. Kesho yake akakamatwa uwanja wa ndege wa Khartoum, safari hii kwa madai kwamba hati zake za safari, zilizotolewa na Sudan Kusini, zina kasoro. Ikabidi akae ndani ya ubalozi wa Marekani kwa mwezi mzima. Hapo Wamarekani walikwama: uhusiano wao na Khartoum ulikuwa mbaya, hawakuwa na kitu ambacho Sudan ingekipokea kutoka mkononi mwao bila aibu. Aliyemaliza kazi alikuwa Mwitaliano. Lapo Pistelli, naibu waziri wa mambo ya nje wa Italia, alikwenda Khartoum, na tarehe 24 Julai 2014 akashuka Roma katika ndege ya serikali ya Italia pamoja na Meriam, mume na watoto wawili. Siku ileile wakapokelewa na Papa Fransisko.

Italia ilifaulu kwa sababu Khartoum ilikuwa bado inaongea nayo, na iliweza kumwachia mwanamke kwa Mwitaliano bila kuonekana imesalimu amri kwa Washington. Anayepiga kelele zaidi huwa si anayekwenda kumchukua mtu uwanja wa ndege.

Ipi bora basi, kelele au faragha?

Inategemea nani atakayelipa. Asia Bibi, Mkristo wa Pakistan, aligombana na wanawake wenzake shambani mwaka 2009 kuhusu kikombe cha maji; wakasema amekinajisi, yakatoka maneno, akashtakiwa kwa kumkashifu Mtume. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifo. Gavana wa Punjab, Salmaan Taseer, alimtetea hadharani. Aliuawa Januari 2011 na mlinzi wake mwenyewe. Waziri Shahbaz Bhatti, naye mtetezi, aliuawa Machi mwaka huohuo. Baada ya hapo serikali za nje zilijifunza kupunguza sauti. Umoja wa Ulaya ulikuwa na mpini: tangu 2014 nguo za Pakistan zinaingia Ulaya kwa unafuu wa ushuru, kwa sharti la kuheshimu mikataba ya haki za binadamu. Mahakama ya Juu kabisa ya Pakistan ilimwachia Oktoba 2018, na Mei 2019 akaondoka kimya kwenda Kanada. Majaji ndio walioamua, na walihatarisha maisha yao. Lakini mkono mtupu haulambwi, na Ulaya haikuwa mikono mitupu.

Mwaka huohuo wa 2018 Marekani ilifanya kinyume kabisa kwa mchungaji wake Andrew Brunson, aliyekuwa kizuizini Uturuki tangu 2016. Agosti iliwawekea vikwazo mawaziri wawili wa Uturuki, kisha ikaongeza maradufu ushuru wa chuma na alumini, wakati lira tayari inayumba. Oktoba 12 Brunson akaachiwa. Ndiyo, kelele inaweza kufanya kazi, ukiwa na uchumi mkubwa kuliko wote duniani na aliyefungwa akiwa raia wako. Waturuki waliokuwa magerezani kwa makosa ya namna ileile hawakupata bei hiyo.

Sheria huwa zinabadilika, au wanatoka mmoja mmoja tu?

Zinabadilika pale nchi yenyewe inapotaka kitu kikubwa zaidi. Vietnam iliingizwa kwenye orodha ya Marekani 2004 huku ikipiga hodi Shirika la Biashara Duniani. Mei 2005 ikasaini makubaliano ya kulegeza usajili wa makanisa na kuacha kulazimisha watu kukana imani; Novemba 2006 ikatolewa kwenye orodha; Januari 2007 ikaingia kwenye Shirika. Uzbekistan ilipompata rais mpya aliyetaka wawekezaji, gereza la Jaslyk lililoogopwa likafungwa 2019, na 2020 nchi ikawa nje ya orodha zote.

Sudan yenyewe ilifuta adhabu ya kifo kwa kuritadi Julai 2020. Mabalozi wengi walijipongeza. Mimi ningewapongeza kwanza vijana na wanawake waliokesha mitaani Khartoum hadi Omar al-Bashir akaanguka Aprili 2019. Diplomasia ilikuwa na rasimu tayari. Wao walifungua mlango.

Na pasipo na kitu kinachotakiwa, hakuna kinachosogea. Eritrea tangu 2002 inatambua makundi manne tu: Orthodoksi, Katoliki, Kilutheri na Uislamu wa Sunni. Wengine wanaweza kufungwa kwa kuimba sebuleni. Iko kwenye orodha tangu 2004 na haijali, kwa kuwa haina mengi inayoyaomba. Patriaki Antonios, mkuu wa kanisa lililo halali kabisa la Orthodoksi, aliondolewa kwa kuipinga serikali, akawekwa kizuizini nyumbani, akafia humo Februari 2022. Ripoti za miaka yote hiyo zilimtaja kwa jina.

Misaada huhusishwaje?

Watanzania wanakumbuka Machi 2016, shirika la Marekani la changamoto za milenia, MCC, liliposimamisha awamu ya pili ya msaada, karibu dola milioni 472, nyingi za umeme. Sababu zilizotolewa zilikuwa uchaguzi wa marudio Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Uganda nayo ilipoteza nafasi yake kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kuanzia Januari 2024, sheria yake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ikiwa miongoni mwa sababu. Sheria zote mbili zilibaki. Kijiji kilichosubiri nguzo ya umeme kiliumia, na wanasiasa walipata hotuba ya uzalendo bila jasho.

Je, hii si ajenda ya Wakristo wa Magharibi tu?

Mwanzo wa ile sheria ya 1998 makanisa ya Marekani yalisukuma sana, hilo halina ubishi. Lakini ukitazama waliofungwa duniani kwa imani utakuta Waislamu wengi mno: Wauighuri, Warohingya wa Myanmar, Waahmadiyya, Mashia huku, Masunni kule. Na Waislamu wana diplomasia yao. Kuanzia 1999, Pakistan na wenzake wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC, walipeleka kila mwaka azimio la kupinga "kukashifiwa kwa dini". Nchi za Magharibi zilikataa kwa hoja kwamba haki ni za mtu, na dini haiwezi kuwa mshtakiwa wala mlalamikaji. Kura za azimio hilo zikawa zinapungua mwaka hadi mwaka. Machi 2011 wakakutana katikati: azimio 16/18, lililopita bila kupigiwa kura, likahama kutoka kulinda dini hadi kulinda waumini dhidi ya chuki, ubaguzi na uchochezi wa ghasia. Kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya kidiplomasia katika eneo hili kwa miaka 30, na karibu hakuna anayeijua.

Januari 2016 wanazuoni wa Kiislamu zaidi ya 250 walikutana Marrakesh wakatoa tamko la kulinda haki za wasio Waislamu, wakijenga juu ya Mkataba wa Madina. Februari 2019, Abu Dhabi, Papa Fransisko na Shekhe Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, walisaini hati ya udugu wa kibinadamu. Hati za namna hii hazimfungui mtu gereza moja kwa moja, ila mzee wa mtaa akiwa nayo mkononi anaweza kubishana na anayemwambia kwamba kumlinda jirani Mkristo ni usaliti.

Zanzibar na OIC ilikuwaje?

Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo swali la kwanza likawa la kikatiba: sehemu ya nchi inaweza kujiunga na jumuiya ya nchi? La pili lilikuwa la Wakristo wa Bara, waliouliza kama Tanzania isiyo na dini imeingizwa kwenye klabu ya dini kwa mlango wa uani. Mwaka 1993 Zanzibar ikajitoa, na joto lake likazaa kundi la wabunge 55 waliodai serikali ya Tanganyika. Waganda huwa wanashangaa simulizi hii, maana nchi yao, yenye Wakristo wengi, ni mwanachama tangu 1974, urithi wa Amin, na maisha yanaendelea.

Nchi ndogo ina ubavu gani?

Muulize Mgambia. Abubacarr Tambadou alifanya kazi kwa miaka mingi Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aliporudi kwao akawa waziri wa sheria. Mei 2018 alikwenda Cox's Bazar, Bangladesh, walikokimbilia Warohingya zaidi ya 700,000 kutoka Myanmar mwaka uliotangulia, akasikiliza hadithi alizokwisha kuzisikia Arusha, majina tu yamebadilika. Novemba 2019 Gambia, nchi ya watu wasiofika milioni 3, ikisaidiwa na OIC, ikaishtaki Myanmar kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Haina mpaka na Myanmar wala raia aliyeumia. Hoja yake ilikuwa kwamba wote wawili wamesaini mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Desemba, Aung San Suu Kyi mwenyewe, kiongozi wa serikali ya Myanmar wakati huo, alikwenda kutetea nchi yake. Januari 23, 2020 majaji wote kwa kauli moja wakaamuru Myanmar iwalinde Warohingya na isiharibu ushahidi, na Julai 2022 mahakama ikathibitisha kwamba Gambia ilikuwa na haki ya kushtaki.

Jeshi la Myanmar halikugeuka malaika. Lakini mataifa makubwa yalikuwa yametoa matamko kwa miaka miwili, na aliyepeleka faili alitoka Banjul.

Huko Geneva nchi zetu huhojiwaje?

Kwa mapitio ya haki za binadamu yanayojulikana kwa kifupi UPR, yaliyoanza 2008. Kila baada ya miaka minne na nusu hivi nchi hukaa kiti cha moto kwa saa tatu na nusu. Yenyewe ina dakika 70, wengine wote wanagawana 140. Wakijiandikisha wazungumzaji 100, kila mmoja ana sekunde 84: salamu, pongezi, mapendekezo mawili, maikrofoni inazimwa. Baadaye nchi inajibu kila pendekezo, limekubaliwa au "limezingatiwa", neno la adabu la kukataa. Soma zaidi yaliyozingatiwa. Huko ndiko serikali inakosema ukweli.

Nimenyimwa haki kwa sababu ya imani yangu. Nipeleke wapi?

Ubalozi unaweza kukusikiliza na kuandika jina lako, lakini hauna wajibu kwako kama si raia wake. Fikiria pengine pia.

Umoja wa Mataifa una mtaalamu maalumu wa uhuru wa dini na imani, wadhifa ulioanzishwa 1986. Kumwandikia hakuhitaji uwe umemaliza mahakama za kwenu. Akiridhika anaiandikia serikali, na kwa kawaida barua huwekwa hadharani baada ya siku 60. Kamati ya Haki za Binadamu ya Geneva, inayosimamia ule mkataba wa 1966, hupokea malalamiko ya mtu mmoja mmoja kutoka Uganda na Kongo, kwa kuwa zimeridhia itifaki yake. Tanzania, Kenya, Rwanda na Burundi bado.

Tume ya Afrika, Banjul, inapokea, ila lazima kwanza umalize mahakama za nchi yako, au uonyeshe kwamba kesi inacheleweshwa kupita kiasi. Njia hiyo ni ndefu, na Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya wanaijua urefu wake. Kenya haijatoa tamko la kuruhusu watu binafsi kwenda Mahakama ya Afrika, Arusha, kwa hiyo ilibidi Tume ndiyo iwapeleke. Mei 2017 mahakama ikasema kuwafukuza msituni kumevunja haki nyingi, uhuru wa dini ukiwemo, maana matambiko na makaburi yao yako humo. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 157,850,000. Watanzania waliwahi kuwa na mlango wa moja kwa moja wa mahakama hiyo, iliyo nyumbani kwao. Serikali iliondoa tamko lake Novemba 2019.

Iko pia Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Haina mamlaka kamili ya haki za binadamu, ila mawakili huingia kwa vifungu vya mkataba wa Jumuiya vinavyotaja utawala bora na utawala wa sheria, na huhitaji kumaliza mahakama za kwenu kwanza.

Kokote utakakokwenda, andika mapema: tarehe, mahali, cheo cha aliyekuzuia, maneno aliyotumia, na nakala ya barua ya kukataliwa usajili kama ipo. Barua isipokuwepo, andika kwamba uliiomba na lini. Na kwa Mahakama ya Afrika Mashariki angalia kalenda: una miezi miwili tu, inayoanza kuhesabiwa siku jambo lilipotendeka au siku ulipolijua, wala haingoji upate wakili.